Shemeji yangu alimpiga refa, na kibendera nilikuwa nacho mimi

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Likoni, nina mke na mtoto mmoja aliyeanza kutambaa. Siku za kazi navuka feri kwenda kibarua cha maghala Shimanzi, na wikendi nashika kibendera kwenye mechi za mitaani. Uamuzi haumtajirishi mtu. Ada ya mechi ni nauli na chai, na mechi ikivunjika hata hiyo huipati. Lakini nimesomea, nina cheti, na nilikuwa na tamaa ya kupanda daraja mpaka siku moja nisimamie mechi ya ligi kubwa. Sitautaja uwanja wala kombe, maana huku kwetu tukitaja uwanja tu watu wote wamejulikana.

Ilikuwa fainali. Watu walikuwa wamepanda ukuta, wengine juu ya paa la matatu iliyoegeshwa nyuma ya goli. Timu ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ilikuwa sare bao moja kwa moja na dakika zimekaribia kwisha. Pasi ikapigwa katikati ya mabeki. Shemeji alikuwa ameshawapita wote kabla mpira haujatoka mguuni mwa mwenzake. Nikainua kibendera. Yeye akaendelea, akamzunguka kipa, akafunga. Uwanja ukalipuka. Refa akanitazama, akaona mkono wangu uko juu, akapuliza filimbi: ameotea, hakuna bao.

Mama, shemeji alinijia mimi kwanza. Niliiona sura yake nikasema leo napigwa. Alipofika karibu akawa kama amekumbuka mimi ni nani, akageuka, akamkimbilia refa katikati ya uwanja. Ngumi ya kwanza ilimpata jichoni, filimbi bado iko mdomoni. Alipokwenda chini akapigwa teke la uso. Kisha watu wakaingia, sikuona tena kitu ila vumbi na migongo ya watu. Kuna video ya simu inayozunguka. Inaonyesha pasi na bao, na inaonyesha wazi kwamba kibendera changu kilikuwa sahihi, lakini mwenye simu alianza kukimbia na picha ikawa ya mchanga na viatu. Ngumi yenyewe haionekani vizuri. Aliyekuwa karibu, uso kwa uso, ni mimi.

Refa huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima, na ndiye aliyenifundisha kazi hii. Alinitembeza kwenye mstari jioni baada ya jioni, akinifunza kukimbia kiubavu na kuweka kibendera mkono wa upande wa uwanja ili refa akione bila kutafuta. Sasa jicho lake limefungwa. Daktari wa macho amesema asubiri uvimbe ushuke ndipo atazame ndani. Ameshapiga ripoti kituoni, ana nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na amepewa fomu ya P3 ya daktari kuandika majeraha, na askari anayeshughulikia jambo hili amenipigia nikaandikishe taarifa. Katibu wa mashindano naye anadai ripoti yangu ya mechi. Shemeji haonekani. Inasemekana yuko Ukunda kwa jamaa.

Mama mkwe alikuja nyumbani na mjomba wa mke wangu. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kwenye mkeka, akamchukua mjukuu akampakata, akaniambia, "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sema tu hukuona, mwanangu. Sema ulikuwa unatazama mstari wako." Akanikumbusha kwamba nilipokosa kibarua ni yeye aliyekuwa akituletea unga, na kwamba mahari nililipa kidogo kidogo naye hakunidai mbele ya watu. Yote ni kweli. Shemeji alikuwa kwenye mipango ya kwenda Qatar kufanya kazi ya ulinzi. Ajenti amelipwa kwa pesa za chama cha mama mkwe, vipimo vya afya vimekwisha, kilichobaki ni cheti cha tabia njema. Akishtakiwa, safari imekwisha na deni limebaki.

Mjomba yeye anasema yamalizwe nyumbani. Tumpelekee mwalimu pesa za hospitali na mbuzi, na akikataa twende kwa Kadhi.

Mke wangu hasemi kitu.

Upande wa pili ni marefa wenzangu. Kwenye kundi letu la WhatsApp wameapa kwamba hakuna atakayepuliza filimbi kwenye kombe lile mpaka mtu akamatwe. Wamekuwa wakitumiana habari za nje: rais wa klabu ya Uturuki aliyemvamia refa akafungwa, na Marekani ambako wanasema kumpiga refa kuna sheria yake peke yake. Mmoja aliandika akinilenga: "Mshika kibendera akinyamaza, huyo si mwenzetu."

Usiku silali. Nafikiri ngumi ile ilikuwa yangu. Kibendera nilikiinua mimi, na yeye alinigeuka kwa sababu nimemwoa dada yake, akaenda kumpiga mzee wa watu. Naomba uniambie: hapa kwetu kuna adhabu gani kwa mtu aliyempiga refa? Anaweza kufungwa kweli? Na nikisema sikuona, itakuwaje?

Mshika Kibendera, Likoni

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Mpe pole na mwalimu pia.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila nikiisoma naona watu wanne wamekushika mkono, kila mmoja anavuta upande wake: mama mkwe, mjomba, askari na marefa wenzako. Wote wanataka kitu kimoja kutoka kwako, maneno. Mmoja anataka uyaseme, mwingine anataka uyameze. Na nyuma yao wako watu watatu ambao umewataja kwa ufupi sana, nitawarudia.

Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo uliyoiuliza, na kwa kuwa naona kwenye kundi lenu la WhatsApp imekuwa kitisho zaidi ya maarifa. Mimi si wakili, na kabla hujafanya lolote tafuta mtu wa sheria hata kwa mazungumzo ya nusu saa. Lakini haya yanajulikana.

Huku kwetu Kenya aliyempiga refa hushtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, sawa na aliyempiga jirani au abiria wa matatu. Kifungu cha 250 ni shambulio la kawaida, na kilele chake ni mwaka mmoja jela. Kifungu cha 251 ni shambulio lililoleta madhara mwilini, kilele miaka mitano. Halafu kuna kifungu cha 234, madhara makubwa, na hapo kilele ni kifungo cha maisha. Madhara makubwa kwa tafsiri ya sheria ni pamoja na kuharibu kabisa au kuumiza vibaya kiungo au hisi ya mtu. Jicho limo.

Kwa hiyo mtu mwenye uzito kuliko wote katika jambo hili hukumpa hata mistari mitatu, naye ni daktari wa macho. Atakapojaza ile P3 ataandika ni madhara ya kiwango gani, na hicho ndicho kitakachoongoza shtaka. Uvimbe ukishuka na mwalimu akaona vizuri, jambo ni moja. Jicho likiwa limeharibika, ni jambo jingine kabisa. Familia inakimbilia kumaliza kabla ya hapo, na marefa wanakimbilia kuhukumu kabla ya hapo. Hakuna kati yao anayejua bado anazungumzia kosa gani.

Sasa zile habari za nje. Ya Uturuki ni kweli. Tarehe 11 Desemba 2023, baada ya mechi ya Ankaragücü na Rizespor, rais wa Ankaragücü, Faruk Koca, aliingia uwanjani akampiga ngumi ya uso refa Halil Umut Meler, na alipokuwa chini watu wengine wakampiga mateke. Ligi nzima ilisimamishwa. Koca alifungiwa na shirikisho maisha, na Novemba 2024 mahakama ikamhukumu zaidi ya miaka mitatu na nusu. Ya Marekani nayo ni kweli kwa sehemu, maana yako majimbo yaliyotunga sheria ya waamuzi peke yao. California, kwa mfano, ina kifungu cha kumpiga mwamuzi wa michezo: hadi mwaka mmoja katika jela ya kaunti, au faini hadi dola 2,000, au vyote viwili. Linganisha hapo. Mwaka mmoja ule ni sawa na kilele cha kifungu chetu cha 250, na 251 yetu inakwenda mbali zaidi. Wenzako wanadhani kwetu refa hana sheria. Anayo. Kinachokosekana mara nyingi ni shahidi anayefika mahakamani.

Nimelisema hilo nikijua linakuuma, na sikulisema ili kukusukuma. Ndivyo kesi hizi zinavyokwenda. Uwanja mzima umeona, na siku ya kutajwa kesi haji mtu.

Kilele pia hakimaanishi kwamba ndiko hakimu atakakofika. Kijana wa kosa la kwanza, aliyekiri, aliyelipa gharama za matibabu, aliyeombewa na aliyeumizwa, anaweza kupewa kifungo cha nje au huduma kwa jamii. Sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kufanya hivyo pale anapoona kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, na kabla ya hukumu afisa wa urekebishaji anaweza kutumwa kuuliza nyumbani na mtaani mtu huyu ni wa namna gani. Namwambia haya mama mkwe wako kupitia kwako, kwa sababu nahisi kichwani mwake iko picha moja tu, mwanawe amevaa nguo za gereza la Shimo la Tewa. Picha hiyo inawezekana. Si ya pekee.

Umeuliza, ukisema hukuona itakuwaje. Kama utasema hivyo mezani kwa katibu wa mashindano, hilo ni la michezo na lina adhabu za michezo. Ukilisema kituoni, umempa afisa wa serikali habari ya uongo, na hilo ni kosa peke yake. Ukilisema kizimbani baada ya kuapa, ni kiapo cha uongo, na kilele chake ni miaka saba, zaidi ya miaka ambayo shemeji mwenyewe angepata kwa kifungu cha 251. Na anayemshawishi mtu aape uongo anaingia humo humo. Sidhani mama mkwe anajua kwamba maneno yale ya upole aliyoyasema akimpakata mjukuu yanaweza kumfikisha pabaya na yeye.

Weka sheria pembeni kidogo, utazame jambo lenyewe kama mtu wa mpira. Mshika kibendera ndiye anayetakiwa kuona. Video inayokuonyesha mkono juu inathibitisha pia ulikuwa wapi na umeelekea wapi. Na video uliyoiona wewe ni moja. Uwanja una watu juu ya ukuta na juu ya paa la matatu, na unaniambia aliyerekodi ni mmoja? Ya pili inaweza kutoka kesho, au siku ya kesi. Sisemi ukweli usemwe kwa kuogopa kamera. Nataka tu ujue njia hiyo ina shimo kubwa katikati, na aliyekuonyesha njia hatakuwa nawe ukitumbukia.

Kuna watu hukimbilia kusema kwamba shahidi wa familia hawezi kulazimishwa. Wanaolindwa ni mume na mke, nao kwa mipaka yake. Shemeji hayumo. Mahakama ikikuita kwa hati, ni lazima ufike. Kwa hiyo hata kunyamaza, ambako wengi hukuona kama kutochagua, kuna tarehe yake ya mwisho.

Njia ya mjomba usiidharau. Suluhu huku kwetu si hongo. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze upatanisho na njia za jadi, na Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai, kifungu cha 176, inamruhusu hakimu kuhimiza wahusika wapatane katika mashambulio ya kawaida na makosa mengine ya mtu na mtu yasiyo mazito, kwa fidia au masharti mengine atakayoyakubali. Shambulio la 251 hupatanishwa mara nyingi kwa njia hiyo. Ila yako mambo mjomba ameyachanganya. Kadhi kwanza mtoeni. Mahakama ya Kadhi husikiliza ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu kwa Waislamu, haina kazi na ngumi ya uwanjani. Jambo jingine ni kwamba ripoti imeshaingia kwenye OB, na kuanzia hapo kesi ni ya Jamhuri. Mwalimu anaweza kuomba kuiondoa, naye hakimu akaridhika na sababu zake au asiridhike. Kuna na jicho: likiwa limeharibika kwa kiwango cha 234, mlango huo wa upatanisho unafungwa, kwa kuwa hilo ni kosa zito. Mbuzi aliyepelekwa kabla ya daktari kutoa jibu anaweza kuonekana kama wa kumwahi mgonjwa.

Na mwalimu mwenyewe anataka nini? Hilo sikuliona popote kwenye barua yako. Umeniambia alivyokufundisha kukimbia kiubavu, umeniambia jicho limefungwa, lakini hukuniambia amesema nini, wala kama umekwenda kumtazama. Huenda umekwenda ukasahau kuandika. Kama hujaenda naelewa, utaingia na uso gani? Lakini kila mtu anamsemea. Marefa wanasema anataka haki, mjomba anasema anataka mbuzi. Inawezekana anachotaka ni kijana yule aje amwambie samahani mbele ya timu. Inawezekana anataka afungwe. Inawezekana anaogopa tu kwamba hataweza kusoma tena maandishi ya watoto kwenye madaftari. Uamuzi wako utakuwa mwepesi au mzito kufuatana na jibu lake, na jibu hilo haliko kwangu wala kwenye kundi la WhatsApp.

Nimrudie shemeji sasa. Wote mnazungumza juu yake, hakuna aliyezungumza naye. Yuko Ukunda, na kila siku anayokaa huko inaandikwa kama siku ya kukimbia. Kijana anayejisalimisha mwenyewe, akiwa na mzee wa familia na ikiwezekana wakili, hatazamwi sawa na aliyetolewa chini ya kitanda. Dhamana huomba mtu asiyedhaniwa kutoroka. Sijui kama yuko tayari. Ila kama familia ina pesa ya kuomba na nguvu ya kutembea mpaka kwako, ina nguvu ya kutembea mpaka kwake. Halafu kuna hili, nalo sikutaka kulisema ila ni lazima: kama njia pekee ya kuokoa safari ya Qatar ni wewe kuapa uongo, basi deni la ajenti limehamishiwa kwako bila kuandikiwa risiti.

Kuhusu ile ngumi kuwa yako. Naomba tulitazame polepole, kwa kuwa nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko P3. Uliona ameotea, ukainua mkono. Video inasema ulikuwa sahihi. Hata ungekuwa umekosea, kibendera kilichokosea kina adabu yake: kulalamika kwa nahodha, barua ya rufaa, maneno makali njiani kurudi nyumbani. Kati ya kibendera chako na jicho la mwalimu kulikuwa na uamuzi wa mtu mwingine, mtu mzima. Na wewe mwenyewe umeniambia alikuja mpaka kwako, akakumbuka, akageuka. Maana yake aliweza kukumbuka. Hasira haikuwa imemziba macho kiasi cha kutojua anampiga nani. Mtu atakayesema kijana alipandwa na wazimu hakuona ulichokiona wewe. Labda ndiyo sababu huwezi kulala: unajua kitu ambacho kinaweza kumuumiza zaidi kuliko ngumi yenyewe, na hakuna mwingine anayekijua.

Hapa sitaki kuwa mwepesi. Hicho ndicho kipande cha ushahidi chenye uchungu zaidi. Kuandikisha taarifa ni kujibu ulichokiona kwa macho, si kueleza ulichodhani kiko moyoni mwa mtu. Alikujia, akageuka, akamkimbilia refa, akapiga. "Alikumbuka mimi ni nani" ni tafsiri yako. Inaweza kuwa ya kweli, na unaweza kuulizwa, lakini si lazima uibebe kama uliyoiona. Muulize mtu wa sheria juu ya tofauti hiyo kabla hujaingia kituoni.

Kwa nini marefa wenzako wamekuwa wakali hivyo? Usiwachukie. Nilipokuwa nikisoma barua yako nilimkumbuka Richard Nieuwenhuizen wa Uholanzi, mshika kibendera kama wewe, wa kujitolea, baba wa mchezaji. Desemba 2012 kule Almere alipigwa na vijana baada ya mechi ya watoto. Aliinuka, akaonekana mzima, baadaye akaanguka, na siku iliyofuata akafa. Vijana sita na baba wa mmoja wao walipatikana na hatia mwaka 2013, na baba huyo alipata miaka sita. Mwaka huohuo wa 2013, jimbo la Utah, Marekani, refa Ricardo Portillo alimpa kadi ya njano kijana wa miaka 17, naye kijana akampiga ngumi moja. Alipelekwa hospitali, akapoteza fahamu, na baada ya wiki akafa. Ngumi moja. Wenzako wanaposema hawapulizi filimbi, wanafikiri hayo, na wanafikiri wikendi ijayo wataingia uwanja gani bila askari hata mmoja. Wana haki ya kuogopa. Hawana haki ya kukufanya wewe uwe bei ya woga wao. "Si mwenzetu" ni neno lilelile la mama mkwe, limebadilishwa nguo tu.

Kuna na adhabu ya mpira, ambayo haingoji mahakama. Kanuni za nidhamu za FIFA zinataja kiwango cha chini cha mechi 15 kwa mchezaji anayempiga mwamuzi, au kufungiwa kwa muda unaofaa. Kombe la mtaani lina kanuni zake na linaweza kwenda mbali kuliko hapo au lisifanye lolote, kutegemea waandaaji wana uti wa mgongo kiasi gani. Ripoti yako ya mechi ndiyo inayoanzisha hayo. Hiyo iandike sasa, hata kama hujaamua kuipeleka kwa nani na lini. Dakika gani, mpira ulitoka wapi, nani alikuwa wapi, mikono ya nani. Kumbukumbu ya tukio kama hili huanza kuchanganyika na video za watu na maneno ya watu haraka sana, na baada ya muda utaapa umeona kitu ambacho ulisimuliwa. Ripoti iliyoko sandukuni haijamfunga mtu yeyote. Na ada yako ya mechi ile uidai, kuvunjika kwa mechi hakukuwa kazi yako.

Nimemwacha mke wako mwisho kwa kusudi. Mama mkwe umempa aya nzima, mjomba yake, marefa yao. Mke wako umempa maneno manne. "Mke wangu hasemi kitu." Wewe umesoma ukimya huo kama lawama, na pengine ndivyo. Lakini huyu ni mtu ambaye ndugu yake yuko mafichoni, mama yake ana deni la chama, na mume wake ameitwa kituoni. Akisema sema ukweli, amemtupa ndugu. Akisema nyamaza, amemtia mume hatarini. Ningekuwa mimi ningenyamaza pia. Huenda ananyamaza ili asikuongezee mkono wa tano wa kukuvuta. Mtafute siku mtoto amelala, na usimuulize ufanye nini, hilo ni kumtwika. Muulize yeye anaogopa nini. Halafu mwambie unachoogopa wewe, na hiyo miaka saba mtajie, kwa sababu sidhani kuna aliyemwambia.

Kwa mama mkwe, kama utarudi kukaa naye, usiende na vifungu. Mtu aliyewalisha wakati wa njaa hapewi sheria kwenye mkeka wake mwenyewe. Unaweza kumwambia umesikia, hukusahau unga, na kwamba kuna mambo mengi unayoweza kumfanyia kijana wake: kwenda naye Ukunda, kumtafutia wakili, kuchangia hospitali, kusimama naye siku ya kuomba msamaha, hata kumweleza afisa wa urekebishaji jinsi alivyo siku ambazo hana mpira miguuni. Na kuna moja unaloliona zito. Mwache alitaje yeye. Anaweza kulia, anaweza kuondoka. Methali aliyokupa ni nzuri, ila kwa hesabu yake mzaliwa naye yule kijana ni mke wako, na wewe umeombwa ufe badala yake.

Wale wanaotoa ushauri wa kisheria bila malipo huwa na siku zao hapa Mombasa, ulizia mahakamani, kwenye dawati la kupokelea watu. Nenda na karatasi ya maswali yako, usiende na kundi. Na askari aliyekupigia mjibu simu, hata kama ni kumwambia utafika siku fulani, maana simu isiyojibiwa nayo huandikwa.

Sikukuambia uende au usiende kituoni, nawe hukunitaka nikuchagulie. Ila jibu la daktari wa macho likitoka, niandikie tena. Baadhi ya haya niliyoyasema, hasa kuhusu kupatana, yatabadilika kutokana na atakachokiandika.